Kioo Nilichokivunja Makote

Jumanne asubuhi nilipigiwa simu kutoka Makote nikaambiwa fundi amefariki. Ninyi mnaonisoma hapa kila wiki hamkumjua, na hata Newala wengi walimjua kwa baiskeli tu, kwamba ukimpelekea ringi iliyopinda utaichukua imenyooka. Alikuwa Mmakonde wa ng'ambo, mmoja wa waliovuka Ruvuma wakati wa vita vya Msumbiji, yeye na mama yake na kifurushi kimoja cha nguo. Amekufa mzee, kitandani kwake, baada ya kuugua siku chache, na kifo cha namna hiyo hakina cha kulalamikia. Mwenye la kusema ni mimi, na nimelikalia tangu mwaka ule Msumbiji ilipopata uhuru.

Mwaka huo nilikuwa mwalimu kijana hapo Makote, mtu wa kuja, nimeletwa na serikali kutoka Bukoba. Nilikuwa na gari dogo kuukuu nililoachiwa na daktari mmoja wa kigeni aliyekuwa akirudi kwao. Injini ilikufa mapema, nikabaki na banda la kuku la chuma uani. Kilichokuwa kizima ni kioo cha mbele. Sasa, Masasi palikuwa na mfanyabiashara mwenye gari la aina ileile, kioo chake kimepasuka, na trafiki wamemkataza kulitia barabarani. Vioo vya magari havikupatikana miaka ile, hata sabuni tuliipangia foleni kwenye duka la ushirika. Fundi akapatana naye: mimi nikuletee kioo, wewe unipelekee mama mpaka ukingo wa Ruvuma. Mama yake alikuwa hawezi tena kutembea, na tangu asikie Mreno ameondoka hakuwa na neno jingine ila kwenda kufia kwao. Mtoni mitumbwi ilikuwepo, na ng'ambo ndugu wangempokea. Kilichokosekana ni gari la kumteremsha kutoka Makote, juu kwenye uwanda wa Wamakonde. Fundi alipokuja kuniomba kioo nilimwambia achukue bure, na nilijisikia mtu mwema kwelikweli.

Magari mengi ya wakati ule kioo chake kilishikwa kwa mpira; ukiukata mpira, kazi imekwisha. Hili langu liligandishwa kwa gundi nyeusi, ngumu, kuzunguka kioo chote. Fundi aliijua kazi hiyo tangu gereji ya shamba la mkonge alikofanya kibarua kabla ya vita. Alichomoa nyuzi za waya wa breki ya baiskeli, akazisokota ziwe uzi mmoja, akaupenyeza kwenye gundi kwa shazia, ile sindano nene ya kushonea magunia, kisha kila ncha akaifunga kwenye kijiti. Yeye aliingia ndani ya gari, mimi nikabaki nje. Mmoja akivuta, mwenzake analegeza, na waya unakula gundi polepole, kama watu wawili wanaopasua mbao kwa msumeno. "Mwalimu," aliniambia kabla hatujaanza, "kioo hakibanduliwi. Gundi ikiisha kinatoka chenyewe. Usitie chuma kati ya kioo na bodi, hata kikibaki kipande cha gundi cha urefu wa kidole."

Nisilomwambia ni kwamba siku moja kabla nilikuwa nimemsaidia kwa akili yangu. Nilikuwa nimeona jinsi mafuta ya maganda ya korosho yanavyobabua vidole vya wanaobangua, na jinsi watu wanavyoyapaka kwenye nguzo za nyumba mchwa wasizile. Nikajisemea kinachokula ngozi namna hii kitashindwaje na gundi? Nikapaka kuzunguka kioo chote, mgeni aliyejifunza mambo ya wenyeji nusunusu. Gundi haikulainika hata kidogo. Lakini tulipofika kona ya tatu, mafuta yalikuwa yamefuata waya hadi ndani na kumchuruzika fundi mikononi mpaka kwenye viwiko.

"Mwalimu, umepaka nini hapa?"

"Mafuta ya korosho kidogo. Nilidhani yatalainisha."

Alitoka akiwa amekunja uso, akaenda jikoni kwangu kutafuta majivu ya kujisugua, maana maji hayayaondoi mafuta yale, na maji yenyewe siku hiyo yalikuwa nusu ndoo. Nikabaki peke yangu, nimeaibika. Ilibaki kona moja. Nikataka arudi akute nimemaliza, aone kwamba nami nafaa. Nikachukua bisibisi, nikaichomeka, nikainua kidogo tu. Kioo kilipasuka kutoka kona hadi kona.

Fundi alirudi mbio, mikono myeupe kwa majivu. Mimi nilikuwa nimekwisha kuitupa bisibisi chini ya gari. "Kimepasuka chenyewe," nikasema. "Nadhani ni jua." Alikitazama kioo, akanitazama mimi, kisha akasema taratibu, "Eeh. Jua la leo kali, Mwalimu." Akaanza kukunja waya wake.

Mfanyabiashara bila kioo hakuwa na safari ya kumpa. Mama yake fundi alifariki masika yaliyofuata, akazikwa Makote. Fundi naye hakurudi tena kwao. Alisema hawezi kuliacha kaburi peke yake. Akaninyooshea ringi za baiskeli miaka na miaka, hakunitajia kioo hata siku moja, nami kila nikimwona nilijisikia mdogo.

Siku hizi hapa Masasi, ninakoishi sasa, mafundi wanang'oa kioo kwa dakika chache, na kikivunjika kinaagizwa kingine. Uhaba ule sitamani urudi. Ninachokifikiria ni cheo chetu cha wakati ule. Mwalimu wa enzi za Ujamaa aliwasomea watu barua, aliandika majina ya wanakijiji, alisimama mbele ya mkutano. Akisema ni jua, basi ni jua. Mkulima angedanganya hivyo, fundi angemwambia papo hapo kwamba ni mwongo. Mimi hakunisema, kwa sababu nilikuwa Mwalimu, na mimi nilijua hatanisema. Hilo ndilo linaloniuma kuliko kioo chenyewe.

Msibani nilimwita binti yake kando. Ni mama mtu mzima sasa, ana wajukuu. "Shikamoo, Mwalimu." Nikaitikia, halafu nikamweleza yote, bisibisi na uongo. Alinisikiliza mpaka mwisho bila kushangaa.

"Baba alituambia zamani," akasema. "Tulikuwa tunamuuliza, mbona hukumsema? Akajibu, yule ni mtu mzima, iko siku atakuja kusema mwenyewe. Hata wiki iliyopita aliuliza kama umepita."

Nyumbani kwangu na kwake ni mwendo wa asubuhi moja, nami nilikuwa na asubuhi zote za maisha yangu. Msomaji wangu, kama kuna mtu uliyemkosea na yeye anajua, usijidanganye kwamba ukimya wake ni msamaha. Huenda amekaa anakungoja. Nenda wiki hii.