Matanga Barazani kwa Kapiteni

Kamba haikukatika. Kamba ilikatwa. Nataka hilo lieleweke kwanza, maana ofisini kwa wenye meli pale Kindu walituambia ilikatika yenyewe, na mzungu aliyetuambia alikuwa anachokonoa meno.

Mume wangu alikuwa mpakiaji wa kuni. Siku hiyo alikuwa kwenye tishari lililofungwa ubavuni mwa meli, pamoja na abiria weusi na magunia ya mpunga. Tishari likagonga jiwe, likatoboka, likaanza kuivuta meli chini. Kapiteni, naye mzungu, akachukua shoka mwenyewe, akaikata kamba. Baharia mmoja alimwona, akaja kuniambia kwa siri. Meli ikafika salama, watu wetu wakaenda na maji, na maiti hazikuonekana.

Wakwe zangu wakaniambia, "Mama, kaa ndani, mjane hatembei." Nikasema nitakaa, tena sana, ila nitakaa kwa kapiteni. Wallahi, nilitaka kitu kimoja tu: aseme kwa kinywa chake.

Nikabeba mkeka, nikautandika barazani kwa kapiteni. Wajane wenzangu wakavuka mto kutoka Alunguli, wakanifuata. Alfajiri tunalia, mchana tunalia, akiketi mezani ndiyo tunazidisha. Mpishi wake, mtu wa Pangi, alipotuona akauzima moto wa jikoni kwa maji. "Bwana, kwenye matanga hatuwashi moto," akamwambia. Heee! Mzungu akatafuna mkate mkavu pamoja na nzi wake. Nilifurahi, sifichi. Akaita polisi aje kutufukuza. Polisi mwenyewe alipofika akavua kofia, akatupa pole, akakaa.

Siku zikapita hivyo, sauti zikatukauka, hatukuondoka. Asubuhi moja kapiteni akatoka, ndevu hazijanyolewa, macho mekundu kama ya mlevi. Nikamtazama usoni, nikaona raha mpaka tumboni.

"Mimi njo nilikata," akasema. "Masuwa, meli nzima, ingezama. Basi, wamama, nimesema. Muende sasa."

Hata mpishi alitoka jikoni kusikiliza. Wenzangu wakaniangalia, mmoja akaanza kukunja mkeka wake, nikamshika mkono.

"Aksanti, bwana," nikamwambia. "Mpaka jana nilikuwa muke ya mutu aliyepotea. Mume yangu amekufa leo. Matanga njo inaanza sasa."

Nikajifunika kitambaa kichwani, nikakaa vizuri, nikalia.