Nani Ameonja Uji wa Mtoto

Juzi nilikuwa kwenye foleni ya kliniki ya meno, Chake Chake. Mbele yangu alikuwapo mama kijana kutoka Kengeja na mtoto mdogo aliyeoza meno ya mbele. Pembeni yao alikaa mama mkwe wake, bibi wa mtoto.

"Bibi yake humwonjea uji kwa kijiko hicho hicho," mama alishitaki.

Daktari, aliyekuwa akimwangalia mtoto mlango ukiwa wazi, akamgeukia bibi. "Bi Mkubwa, kinywani mna bakteria. Wakipata sukari hutoa asidi, nayo ndiyo hutoboa jino. Mtoto huwapata kwa mate yetu wakubwa."

"Na hao hukaa wapi, daktari?"

"Hujishika kwenye meno."

Bibi akafungua kinywa taratibu. Fizi tupu.

Daktari akamulika tochi, akaizima, akamtazama mama. "Wewe huuonji?"

Mama akajiziba mdomo kwa mtandio. "Huuonja. Natazama kama sukari imekolea."

Nilirudi nyumbani sijui nimlaumu nani: meno, mate, kijiko au sukari. Jioni mwanangu akaniletea kikombe chake niionje chai kama ni ya moto. Nikakishika mpaka ikapoa.