Picha za Nyumba ya Mama

Wenzake walimwita Kaa Kando, na jina lilimkaa sawasawa. Alikuwa mpiga picha wa kalenda, zile za ukutani zenye nyumba za kupendeza za mashambani, na kazini alikuwa na sharti moja: nyumba ipigwe peke yake. Anayenunua kalenda, alisema, anataka kuingia mle ndani kwa mawazo. Akimkuta mtu amekaa barazani, atajiona mgeni. Basi wenye nyumba waliondolewa, paka akafukuzwa, hata ndala za mlangoni zikafichwa. Mpole mwenyewe, lakini akishashika kamera alikuwa haambiliki.

Nyumba aliyoipenda kuliko zote ilikuwa ya mama yake. Ndogo tu, kuta nyeupe, madirisha ya kijani, waridi limepanda hadi kwenye paa. Kila kiangazi, jua likishatakata, alifunga safari kwenda kuipiga. Miaka kumi na tisa hakukosa. Na kila mwaka alimkuta mama barazani, amesimama wima karibu na nguzo.

"Mama, kaa kando kidogo, unaingia kwenye picha."

"Haya, mwanangu." Mama alishuka ngazi, akaenda kusimama nyuma yake. "Hapa sikuharibii?"

"Hapo sawa."

Mwaka huu mama alifariki ghafla, kiangazi hakijafika. Kesho yake shangazi akaomba picha moja tu, nzuri, ya kuweka mbele ya watu siku ya mazishi. Wote wakamgeukia yeye. Wamgeukie nani mwingine?

Alifungua kompyuta sebuleni kwa mama, dada yake akavuta kiti karibu. Walipitia mwaka hadi mwaka. Madirisha yanang'aa, waridi limechanua, baraza limefagiwa likafagika. Picha mia nne na ushee, mama hamna. Akarudia tangu mwanzo, akizikuza moja moja, akitafuta japo mkono, japo upindo wa nguo. Kazi aliijua, tena mno: hakuacha hata kivuli. Moyo ulimwuma, na mimi nasema ulikuwa na haki ya kumwuma.

"Hata moja, kaka?"

"Nilidhani zipo kwenye simu yako."

"Na mimi nilijua unazo wewe. Mpiga picha si wewe?"

Ikabaki ile ya kitambulisho, ndogo kama ukucha, mama amekodoa macho kama anayeulizwa swali gumu. Akaanza kuikuza. Kadiri alivyoikuza ndivyo sura ilivyopotea, yakabaki madoa ya kijivu. Akairudisha udogo wake, akaikuza tena, machozi yanamtoka na wala hayafuti.

Dada aliingia chumbani kutafuta nguo ya kumvalisha mama. Alirudi na gauni la bluu, limepigwa pasi vizuri.

"Tumvalishe hili?"

"Zuri. Sijawahi kumwona nalo."

Dada alilitandaza gauni juu ya kiti.

"Kaka, hili alilishona kwa ajili ya picha. Alikuwa analivaa siku moja tu kwa mwaka, ile siku unayokuja na kamera. Ukishaondoka analivua, analikunja, ananiambia, 'Labda mwakani.'"