Karatasi Hukunjwa Mara Nne

Kila alasiri, kabla ya somo, mwalimu wa wanawake mjini Moca hupangusa picha ya Mkuu wa nchi ukutani na kupaza sauti imfikie jirani anayetega sikio dirishani: "Adumu Mkuu wetu, aliyewaahidi wanawake kura!" Chama chao kinampigia debe kwa ahadi hiyo. Kisha huteremsha sauti, akagawa karatasi za kujifunzia kupiga kura. Swali ni lilelile: kesho tupike mihogo au ndizi? Fredesvinda, dobi, huitazama mikono ya mwalimu yenye chaki. Mwalimu hukunja karatasi mara nne, husugua mkunjo kwa ukucha, na yako ikibaki wazi hukurudishia. "Kunja tena, mwenzangu."

Siku moja Fredesvinda uvumilivu ulimwisha. "Mwalimu wee, si siku ya kura jina litakuwa moja tu, la huyohuyo Mkuu? Sasa tunamficha nani?"

Wanawake wakaangua kicheko, kisha wakanyamaza ghafla na kutazama dirishani. Mwalimu hakutazama. Aliishika mikono ya dobi iliyochubuliwa na sabuni, akaikunjisha karatasi taratibu. "Jina moja ni la mwaka huu," alinong'ona. "Mkono ukishajua kuficha, hausahau."

Jioni mume wa Fredesvinda alimuuliza, "Enhe, leo umechagua nini, mihogo au ndizi?"

Hakumwambia.