Chandarua Kando ya Ramani

Kwenye semina ya walimu, mwezeshaji anataka wanafunzi wetu walete darasani vitu vilivyotengenezwa nchi za mbali, ili waijue dunia. Anapasua mfuko wa chandarua kipya kuwa mfano. Harufu ya dawa inanifikia nilipokaa.

Nilipokuwa mtoto, mwalimu wetu wa darasa la nne naye aliagiza hivyo hivyo. Mama alikuwa amehamia shamba kuamia ndege wasile mpunga, ametuacha na bibi. Nyumbani kitu cha mbali kilikuwa kimoja tu: chandarua. Bibi alipokwenda kisimani, nikakifungua kwenye kamba zake, nikakipeleka shuleni.

"Huyu ndiye mwanafunzi," mwalimu alisema, akakitundika kando ya ramani. "Kikae wiki nzima, wenzako wajifunze."

Wenzangu wakanipigia makofi. Nikashindwa kusema kwamba ndani yake ndimo alimokuwa akilala mdogo wangu.

Jumamosi mama alirudi, akamgusa mdogo wangu shingoni, akakuta joto la homa, kisha akatazama kamba zilizoning'inia juu ya kitanda.

"Chandarua kiko wapi?"

"Shuleni, mama. Tunajifunza dunia."

Mwezeshaji anauliza kama kuna maoni. Nanyoosha mkono.

"Wavichore tu," nasema. "Vitu vyenyewe vibaki nyumbani."