Maganda Yaliyooshwa Mara Tatu

Mashine ya kuchimba kisima ilinyamaza saa nne asubuhi, na Sesilia akajua hapo kuna jambo. Alikuwa njiani kuwapelekea mafundi uji. Akakaza mwendo.

Yeye ndiye mama wa maganda. Kila siku alipita kwa wakaanga chipsi wa mtaa wa Rangi Tatu kuchukua maganda ya viazi, akayaanika na kuyapeleka kusagwa. Ansbert, fundi wa visima, aliuchanganya unga huo na udongo na maji, likawa tope zito la kuchimbia. Tope hilo hushika kuta za shimo mchanga usimwagike, na kwa kuwa ni maganda na udongo tu, halimdhuru atakayekunywa maji. Mwaka wa pili sasa, hajarudishiwa hata kiroba kimoja.

Safari hii kisima kilikuwa cha zahanati ya parokia yake mwenyewe, ambako kina mama waliojifungua walioga maji ya kubebewa na ndugu kwenye madumu.

Alimkuta Ansbert akimfokea Gaspar, mchanganya tope. Tope lilikuwa limekatika kama maziwa yaliyoharibika, maji juu, udongo chini. Mchanga umeporomoka, mabomba manne yamebanwa huko chini.

"Nimepima ndoo zilezile, kaka," Gaspar alisema.

"Zilezile, mbona tope silo lile? Vua gambuti zangu uende kwenu."

Sesilia akachota unga kidogo kirobani, akauonja kwa ncha ya ulimi kama anayeonja mchuzi. Chumvi.

Siku zote aliyakung'uta tu maganda na kuyaanika. Ila haya, kwa kuwa yalikuwa ya kazi ya Mungu, aliona aibu kuyapeleka na uchafu wake. Aliyaosha maji matatu, huku akisali rozari. Bomba lilikuwa halijatoa maji wiki nzima, akachota kisima cha jirani, yale maji ya chumvi ambayo hata sabuni haitoi povu. Jua likakausha maji, likaiacha chumvi. Na Ansbert alimwonya tangu siku ya kwanza: maganda yoyote, mama, ila yaliyoguswa na chumvi usiniletee, chumvi hukata tope.

Hakuna aliyemwona akionja. Gaspar alikuwa ameshavua gambuti moja, amesimama kwa mguu mmoja, soksi imetoboka kidoleni.

"Mwache huyo, baba," Sesilia alisema. "Ni mie. Niliyaosha kwa maji ya kisima cha chumvi."

Ansbert akaonja, akatema. "Nani alikuagiza uyaoshe, mama?"

"Hakuna. Niliona ni ya kanisa."

Fundi hakufoka. Afadhali angefoka. Alivua kofia, akajifuta uso, akamwashiria Gaspar avae gambuti waanze kuvuta mabomba. Hadi saa tisa yalitoka mawili. Mengine yakabaki, na shimo likaachwa.

Kabla ya kuondoka, Gaspar alimsogelea. "Shikamoo, mama. Leo hata hatujaamkiana."

"Marahaba, mwanangu." Hakuweza kumtazama.

Alijitwisha kiroba cha unga ule akapita mlangoni pa zahanati. Binti mmoja, dumu mkononi, akamuuliza kama maji yametoka.

"Bado, mwanangu. Nimeharibu mie." Akashusha kiroba, akampokea dumu. "Lete nikakuchotee. Ya kuoga tu, lakini. Yana chumvi."