Klachi ya Mwaka wa Tisini na Sita

Baba yangu, Mulwa, ni mtu anayeheshimika. Anaongoza kwaya ya kanisa, machungwa yake hununuliwa yakiwa bado mtini, na akisema neno kwenye mkutano wa maji, katibu huliandika. Lakini ukitaja pikipiki mbele yake anaanza kukohoa. Sisi watoto tulikijua kikohozi hicho mapema, na tulikitumia vibaya.

Kisa chenyewe nakijua kwa moyo. Mwaka wa tisini na sita, baba akiwa kijana wa miaka ishirini na mbili, aliazima pikipiki nyekundu ya mjomba wake akaenda nayo Kathonzweni, kwa mzee Kyule, kumsalimia binti wa mzee huyo aitwaye Kanini. Akampakia kidogo wazunguke hapo nje, dakika mbili tu. Klachi ikashika. Pikipiki ikakataa kusimama. Wakapita lango, wakapita kanisa, wakapita duka la mwisho, Kanini nyuma ameishikilia sketi yake, mpaka petroli ilipowaishia karibu na Kiboko jua likizama. Wakalala kwa shangazi wa baba aliyefanya kazi pale kwenye kituo cha utafiti, Kanini chumbani na shangazi, baba jikoni na masufuria. Haikusaidia kitu. Msichana aliyelala nje na kijana ameshaolewa, hata kama walitenganishwa na ukuta na shangazi anayekoroma. Kanini ndiye mama yangu.

Babu Kyule hakuwahi kukiamini kisa hicho. Kwa miaka ishirini na tisa alimwita baba "yule wa pikipiki". Na baba, mtu anayerina asali bila kuvaa kitu usoni, hakuwahi kupeleka ntheo, wale mbuzi watatu ambao kwetu Ukambani ndio humfanya mwanamke awe mke wa mtu. Mara ukame, mara karo. Ukweli ni kwamba alishindwa kumtazama mzee machoni. Mama alikuwa amejenga nyumba yetu tofali kwa tofali, na kwa mila alikuwa bado mgeni ndani yake. Hakulalamika, lakini kwenye ntheo za wenzake alikuwa anakaa karibu na mlango.

Mwaka huu mambo yakabanana. Mimi, Kathini, nikapata mchumba, na watu wake wakasema wataleta mbuzi wao Jumamosi ya pili ya Agosti. Hapo mila ikamshika baba shati: huwezi kupokea mbuzi wa binti yako kama hujapeleka wa mama yake. Akatuma wazee wawili Kathonzweni wakaombe siku. Walirudi wakijikaza wasicheke. Babu amekubali, walisema, Jumamosi ya kwanza, lakini ana sharti moja.

"Aje akiendesha ile pikipiki iliyokataa kusimama," Babu alikuwa amewaambia. "Nataka tuonane nayo."

Baba alikohoa mpaka wakati wa chakula.

Sasa, mimi ni fundi wa pikipiki mjini Wote. Wateja wapya hunikuta nimelala chini ya pikipiki nikiwa na spana mkononi, halafu wananiuliza fundi ameenda wapi. Nawaambia amekufa. Nilipoanza kazi hii, kuna swali lilinijia kuhusu safari ile ya Kiboko, swali ambalo fundi yeyote angeliuliza kabla hajamaliza chai yake. Nililimeza. Baba ni baba.

Ile nyekundu baba aliinunua kwa mjomba zamani, na kwa miaka saba ilikuwa imesimama stoo. Jumanne tulipoitoa, kuku alikuwa akiatamia mayai tisa juu ya kiti. Tulimhamisha kwa adabu zote, naye akanidonoa. Nikaosha kabureta, nikaweka plagi mpya na petroli safi, nikapiga kiki. Ya nne ikawaka. Moshi ukatanda uwanjani, mama akatoka jikoni akipepea na mwiko, anacheka, na baba akapanda kabla sijamwambia kitu. Alishika klachi, akaingiza gia ya kwanza, na pikipiki ikaruka naye hadi kwenye rundo la mabua ya mahindi.

"Klachi imeshika," alisema kutoka ndani ya mabua.

"Hiyo tumeisikia tangu tisini na sita," mama akamjibu.

Ugonjwa wa namna hiyo unautafuta kutoka nje kwenda ndani. Nilianza na kebo: ilikuwa inateleza vizuri. Nikaangalia kile kimkono kidogo kwenye injini kinachovutwa na kebo: kilikuwa kinasogea. Basi shida iko ndani. Ndani ya klachi kuna pleti zilizopangwa moja juu ya nyingine, na ukivuta klachi zinatakiwa kuachana ili injini izunguke peke yake, tairi nalo litulie. Oili ya miaka saba ilikuwa imekauka ikawa gundi, na pleti zikashikana. Unavuta klachi, hakuna anayemwachilia mwenzake.

"Baba, kwa nini tusiiache hivi?" nilimwuliza. "Ikifika kwa Babu imeshika, si ndiyo ushahidi wako?"

"Itengeneze," alisema, na hakukohoa. "Nataka niingie kwa mzee nisimame kama mtu."

Nikabadilisha oili. Nikavuta klachi mpaka mwisho, nikaifunga kwenye usukani kwa blada, ile mipira ya tyubu kuukuu tunayofungia mizigo, ikalala hivyo ili oili mpya ipenye. Asubuhi tukaiwasha ikapata moto, tukaizima, tukaingiza gia ya pili na kuisukuma kwenye mteremko wa kwetu, klachi imevutwa, huku baba akikanyaga breki kwa ghafla. Jumatano, hakuna. Alhamisi, hakuna, ila baba alivua viatu na jirani mmoja akaleta kiti cha kutazamia. Ijumaa, safari ya sita, tukasikia *tak* ndani ya injini. Tairi likaachia. Baba aliendesha mpaka barabarani na kurudi, akisimama kila hatua ishirini kwa raha ya kusimama tu. Alimsimamia kuku. Aliusimamia mpapai.

"Ikipoa itashika tena," nilimwonya. Nikaifunga klachi kwa blada kama kawaida. "Hii isiguswe mpaka asubuhi."

Jumamosi mimi, mama na wazee tulikuwa kwenye pikapu na mbuzi wawili. Wa tatu, beberu mweupe, alikuwa kwenye gunia nyuma ya baba, kichwa nje, amefungwa vizuri. Vizuri mno. Nikaangalia blada iliyomfunga, nikaangalia usukani: mtupu. Baba alikuwa amelala akiwaza beberu asianguke, akaamka saa kumi na moja, akachukua blada pekee nzima iliyokuwepo nyumbani, ile ya klachi.

"Baba, ngoja kwanza," nilisema.

Hakungoja, maana hakuweza. Aliingiza gia, pikipiki ikaruka nje ya lango, na kilichobaki ni vumbi na sauti ya beberu akiita jamaa zake wote.

Tuliwakuta Kathonzweni. Lango la Babu lilikuwa wazi, na baba alikuwa anazunguka ghala. Babu ameketi kwenye kiti cha plastiki katikati ya wazee wake, na kila mzunguko anasogeza kiti kidogo asipitwe na kitu. Baba alikuwa amekariri hotuba yake wiki nzima, na mtu wa kwaya haachi wimbo katikati.

"Hamjambo wazee wangu, nimekuja—" alisema, akapotea nyuma ya ghala.

"—kwa heshima zote—" akatokea, akapotea.

"—kwa ajili ya Kanini—"

"Simama tuongee," Babu alimwambia.

"Imekataa," baba akajibu akipita. Beberu akaunga mkono.

Babu aliinua fimbo, akaishusha. Niliuona uso wake ukilegea. Miaka ishirini na tisa ya hasira, na kumbe kitu chenyewe ni hiki kinachozunguka mbele yake.

"Kwa hivyo ilikuwa kweli," alisema polepole. "Nimemwonea mtoto wa watu."

Nilitaka kushangilia. Ndipo mama aliposhuka kwenye pikapu. Alikaza leso kiunoni, akaenda kusimama kwenye kona ya ghala ambapo baba alikuwa lazima apunguze mwendo, na pikipiki ilipompita akanyoosha mkono na kuzungusha ufunguo. Injini ikafa. Pikipiki ikajikokota hatua mbili, ikasimama. Hata beberu alinyamaza.

"Kanini," Babu alisema. "Umefanya nini?"

"Nimezima, baba."

"Kumbe huzimwa?"

"Kwa ufunguo. Uko hapa mbele."

Babu aliuelekezea ufunguo fimbo yake. Lile swali nililolimeza miaka mingi likawa linapanda ndani yake kidogo kidogo, na mimi nikajificha nyuma ya mbuzi.

"Na siku ile," aliuliza, "ufunguo ulikuwa wapi?"

"Hapo hapo."

"Na wewe ulijua?"

"Nilimwona akiwasha, baba. Nilijua kabla hatujafika langoni." Mama aliinama, lakini nilimwona anacheka. "Yeye hakujua. Nikaona nikimwambia, atasimama."

Baba aligeuka kwenye kiti cha pikipiki. Kofia ya kuendeshea ilikuwa imemkalia upande.

"Ulijua?" alisema. "Mimi ndiye niliyejua. Nilifikiri wewe hujui. Ndiyo maana sikuja, mzee. Ningesimama hapa niseme nini? Nilimwiba binti yako nikaisingizia klachi. Nimekaa na wizi huo miaka yote. Hata leo nimeogopa kuuzungusha ufunguo mbele yako."

"Hukuniiba," mama alisema. "Nilikuwa nimeshikilia vizuri sana."

Babu alianza kucheka. Alicheka mpaka mguu mmoja wa kiti ukapinda, wazee wawili wakamshika kwapani, naye akawa bado anaonyesha ufunguo kwa fimbo. Baba alikuwa analia na kucheka, hajui afute kipi. Mimi nililia wazi wazi, na sioni aibu kusema.

"Muthoniwa," Babu alimwambia, yaani mkwe, neno ambalo hakuwahi kumpa, "mshushe huyo mbuzi. Ushahidi wake umetosha."

Mbuzi wote watatu walipokelewa. Mama aliitwa mbele, akaketi katikati ya mama zake wadogo, mbali kabisa na mlango.

Wao wakila, mimi nilikuwa kwenye mteremko wa Babu na ile nyekundu. Injini ilikuwa na moto, na mara ya pili tu pleti zikaachana. Niliijaribu mara tatu: inaingia gia, inatoka, inasimama unapotaka.

Jioni mama alikataa pikapu. Alipanda nyuma ya baba, kando kando, ameishikilia sketi yake. Walitangulia, sisi tukawafuata vumbini na kwaya ya wazee walioshiba. Tulipofika njia ya kwetu walikuwa wameshaipita. Baba alipiga honi tu, akaendelea.

Nikampigia simu. Mama ndiye aliyeshika, upepo umejaa kwenye laini.

"Kathini," alisema, "klachi imeshika."

Nikamwuliza wana petroli ya kufika wapi.

"Kiboko," alisema.